Pa Kulala Nakhal

Tangu nirudi Kuweti nimeisimulia safari hii vipande vipande, kwa huyu mlangoni, kwa yule sokoni, na kila mmoja ameondoka na kipande chake akakitia chumvi. Nasikia sasa kuna anayesema tulifungwa Nakhal, na mwengine anasema Thuweba alitapika mbele ya liwali. La kufungwa ni uongo. La kutapika ni kweli, ila hakuwa liwali, alikuwa punda. Basi nakuandikieni yote mara moja, halafu mniache nipumzike.

Tulikuwa watatu: mimi, shoga yangu Thuweba, na mumewe Abdalla, ambaye ni kaka yangu wa kunyonya, kwa hivyo hakuna wa kusema nimesafiri na mwanamme wa watu. Omani iliyokuwa imefungwa miaka yote imefunguliwa mwaka huu na Sultani mpya, na kila Mzanzibari aliyeko Ghuba amepata wazimu wa kwenda kuitazama nchi ya babu zake. Thuweba na Abdalla walitaka kutembea, waone milima na ngome na chemchem. Mimi nilikuwa na jambo langu moja. Mama yangu ana dada yake, Bi Moza, aliyeolewa akiwa msichana akachukuliwa Nakhal, kabla mimi sijazaliwa. Tangu tutoke Unguja mwaka wa sitini na nne hatukupata neno lake hata moja, wala hatukujua kama yeye alipata letu. Mama hakuniagiza halwa wala ubani. Aliniambia, "Ikiwa yu hai, lala kwake, hata usiku mmoja. Usije ukala ukaondoka kama mpita njia." Wenzangu walilijua hilo kabla hatujatia mguu ndegeni. Habari za pasi na vibali zinachosha, naziruka.

Bahreni mpaka Bait al Falaj

Bahreni tuliisubiri ndege ndogo ya Maskati mpaka tukawajua wafagiaji kwa majina. Kwanza ilikuwa upepo, halafu rubani, halafu hatukuambiwa tena ni nini. Tukapewa mkate na yai baridi, tukala. Tukapewa tena, tukala. Mara ya tatu Thuweba akasema hataki kumuona kuku wala mwanawe.

Kando yangu alikaa mama mmoja wa makamo, wa Pemba, anamfuata mwanawe aliyepata kazi Matrah. Alikuwa amepakata kitu kilichofungwa shuka na hakubali kukiweka chini. Ndege ilipoteremka Bait al Falaj ilipita katikati ya milima, mpaka nikaona jabali dirishani mwangu karibu kuliko nilivyopenda, na yeye anasoma Yasin mikono yote miwili iko juu ya lile shuka. Tuliposhuka askari akamwambia afungue. Ikatoka mbuzi ya kukunia nazi. Yule askari hajapata kuona mbuzi ya namna ile. Aliona ubao, akaona chuma chenye meno, akaita wenzake. Bibi wa watu hana Kiarabu cha kueleza. Basi akaiweka chini, akaikalia, akaanza kukuna hewa, na askari wamemzunguka wanatazama. Walicheka mpaka mmoja akashika mbavu.

"Huku nazi utaipata wapi, bibi?" nikamuuliza nilipokuwa namsaidia kuifunga.

"Nnajua mie?" akasema. "Sikuweza kuiwacha, mwanangu. Nlijaribu."

Thuweba alicheka mpaka tukapanda gari. Mimi nilicheka kidogo tu. Ya kwetu tuliiwacha Unguja imeegemea ukuta wa jikoni, na sijui nani anaikalia sasa.

Matrah

Hapo ndipo mzozo wa pa kulala ulipoanza. Maskati mtu kama sisi haendi hoteli. Ama una mtu wako, ama huna. Abdalla ana binamu yake, Seif, mwenye nyumba nyeupe ya ghorofa Matrah, bahari inapiga ukutani. Tulikaribishwa vizuri sana. Tatizo ni kuwa wengine wote nao walikuwa wamekaribishwa vizuri sana. Kulikuwa na watu waliotoka Misri, waliotoka Mombasa, waliotoka Dar es Salaam, magodoro mpaka kwenye ngazi. Ukitaka kwenda chooni unaruka watu wa nchi tatu.

Wanawake tulikuwa juu, kwenye paa. Tuliletewa wali na jodari wa kuchoma, na ndimu kavu nyeusi ambazo Thuweba alizidhani tende akatia moja mdomoni nzima. Uso aliofanya sitausahau. Kiswahili kilitoka kila pembe: cha Mjini, cha Makunduchi, cha Pemba, kila mtu anasema yeye na hakuna anayesikiliza, kama arusini. Halafu dada mmoja, anapepea watoto wake, akasema pole pole, "Kwetu saa hizi vuli." Kila mmoja alikuwa anaisikia mvua yake kwenye bati lake. Tulikaa vile mpaka mmoja akaomba asogezewe chumvi.

Asubuhi Thuweba akamwambia mumewe, "Abdalla, mie nimekuja kutembea, sikuja kulala melini." Alikuwa na jamaa wa mama yake, mjane, anakaa Maskati yenyewe, ndani ya ukuta wa mji, na alishasikia kwamba nyumba hiyo ina dirisha.

Maskati, ndani ya ukuta

Dirisha lilikuwepo, tena dirisha hasa. Chini yake bandari, maji ya kijani, ngome huku na ngome kule, kila moja imekaa juu ya jabali lake, na kwenye mawe mabaharia wa zamani wameandika majina ya meli zao kwa rangi nyeupe. Yule mjane alitupa halwa ya moto na kahawa, akatuonyesha taa aliyokuwa akitembea nayo, kwa sababu mpaka juzi tu lango la mji lilikuwa likifungwa jioni na asiye na taa mkononi akikamatwa. Siku hizi hakuna amri hiyo, lakini akienda kwa jirani baada ya magharibi anaibeba vile vile.

Thuweba alikaa dirishani akakataa kuondoka. "Tazama bahari hii, Zuwena. Tutapata wapi tena? Nakhal twende asubuhi turudi jioni."

"Nimeagizwa kulala," nikamwambia.

"Kulala ni kulala tu, shoga. Mamkubwa wako atafurahi kukuona uso."

"Wewe umeagizwa nini na mama yako?"

"Ubani."

"Basi kanunue ubani."

Tulinuniana mpaka chakula cha mchana. Nami sikuwa na raha na lile dirisha, lazima niseme kweli. Marehemu baba alikuwa akiisifu Omani ambayo hakuiona kwa macho yake, na mimi nilikuwa nimejiandaa kuipenda. Nikaitazama ile milima mieusi isiyo na jani hata moja, nikajiambia, hapa ndipo kwetu. Moyo haukutaka. Ulikuwa unatafuta muembe, banda la mkaa, mtu anayepita na kapu la muhogo, na hakuna kimoja kilichokuwepo. Nililia kidogo nikasingizia vumbi.

Abdalla ndiye aliyekata shauri. Seif atatuazima Landrova, tutalala Nakhal usiku mmoja tu, na kesho yake gari irudi, kwani na wengine wanaingoja. Thuweba akakubali kwa sharti kwamba na huko Nakhal alale penye mandhari.

Njia ya Barka

Lami iliisha kabla sijaweka mtandio wangu sawa. Baada ya hapo ni mchanga, na mawe, na mchanga. Seif alikuwa amempa Abdalla somo la mwisho mlangoni. Alimwambia kwamba watu wa bara ya Omani wakikukaribisha watakuuliza kwanza khabari na ulumu, yaani umekuja na jambo gani, na jibu la adabu ni moja tu: hakuna khabari, hakuna ulumu, ni salama. Abdalla alilirudia lile jibu njia nzima kwa Kiarabu, kama mtoto wa chuo cha Kurani.

Karibu na Barka tulikwama. Walitutoa watu wa lori la dagaa wakavu, tukanuka dagaa sote, na kwa ihsani yao tukapewa maziwa ya ngamia. Abdalla alikunywa, mimi nilionja. Thuweba alimaliza bakuli kwa adabu, akashukuru, akazunguka nyuma ya mtende, na hapo ndipo alipokuwa amefungwa yule punda. Mambo hayo yote yalikula wakati wetu. Tulitarajia kufika kabla ya adhuhuri, na tulipoziona ngome na mitende ya Nakhal chini ya mlima ilikuwa alasiri imeshaingia. Mlima ule mkubwa, na mitende chini yake mibichi, maji yanapita mferejini kando ya njia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nitoke Unguja kusikia maji yanakwenda yenyewe.

Kwa Bwana Khalfan

Mtu wa kwanza tuliyemkuta alikuwa Bwana Khalfan, mzee nadhifu, anarudi kutoka msikitini. Abdalla alisimama ili aulizie nyumba ya Bi Moza. Lakini kabla hajauliza tukaambiwa karibuni, tena kwa kuapiwa. Sasa, mnatujua sisi. Kwetu mtu akikwambia karibu namna hiyo hupiti, na ukishaingia huanzi na shida yako. Unakaa, unaulizwa hali, unakunywa, ndipo unasema kilichokuleta. Kumtupia mtu swali uso kwa uso kama karani ni kukosa malezi. Tukaingia. Abdalla akapelekwa kwenye baraza ya wanaume, sisi tukapelekwa ndani kwa mkewe, Bibi Shamsa.

Huko barazani Abdalla akaulizwa khabari na ulumu, naye, kwa furaha ya mwanafunzi aliyeulizwa swali analolijua, akajibu hakuna khabari, hakuna ulumu, ni salama. Hakujua kwamba jibu lile linasemwa mara ya kwanza tu. Mwenyeji hurudia kuuliza, na mara ya pili ndipo mgeni anapotaja anakwenda kwa nani. Bwana Khalfan akarudia. Abdalla akajibu vile vile, kwa sauti zaidi. Basi mzee wa watu afahamu nini? Hawa wageni hawana mtu Nakhal. Akatoka akachinja.

Sisi ndani tuko kwenye tende na kahawa, na Thuweba ameshaliona paa: linatazama ngome na bahari ya mitende. "Hapa ndipo," akaninong'oneza. Nami nilipoona sasa adabu imetimia nikamwambia Bibi Shamsa, kwa Kiarabu changu cha Kuweti, kwamba namtafuta Moza, mwanamke aliyetoka Sawahil, ndivyo wanavyoiita pwani yetu, ndugu wa mama yangu.

Bibi Shamsa akashusha birika. "Wewe wa Moza?"

"Mimi wa Moza."

"Na sisi tumechinja!" akasema, na uso wake ukabadilika. Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa. Moza yu hai, nyumba yake iko baada ya mashamba mawili. Mtu wa Moza akifikia kwengine, mji utasema Moza hana cha kumpa mgeni. Na mgeni aliyechinjiwa akiondoka, mji utasema nyumba ya Khalfan imemfukuza. Akamtuma mkwewe ampelekee Moza habari, na jibu likarudi kahawa haijapoa: "Mimi sina mgeni. Mgeni wangu angepitia kwangu."

Nilihisi kama nimepigwa kofi. Nilimuona mama amekaa kitandani Kuweti ananingoja. Abdalla aliitwa mlangoni akasema kwa upole kwamba limeshakuwa, tulale hapa, kesho asubuhi twende tukaombe radhi, kisha tuondoke. Thuweba, nampenda, lakini siku ile akasema, "Na paa lenyewe zuri."

Nilivaa viatu vyangu.

Kwa Bi Moza

Nyumba ya udongo, mlango wa mbao wa zamani, umefungwa. Milango yote ya safari hii nilikuwa naibisha kwa salamu ya Kiarabu. Huu sikuweza.

"Hodi," nikasema.

Kimya.

"Hodi, mamkubwa."

Ya tatu ndiyo ya mwisho, usipojibiwa unageuka. Nikaichelewesha makusudi. "Hodi, Mamkubwa Moza. Mie Zuwena, mtoto wa Asha."

"Asha kafa," sauti ikasema nyuma ya mlango, kwa Kiswahili cha kwetu hasa. "Nliambiwa wamekufa wote. Nikawalilia, nikawasomea khitma, mji mzima ukaja kunipa mkono wa tanzia. Leo maiti wangu kafufuka, anakwenda kula mbuzi kwa jirani!"

"Hatukujua, mamkubwa."

"Hamkujua nini? Hamna midomo? Mtu anashuka Nakhal hasemi nnakwenda kwa Moza? Asha hakukufunza? Sasa ntawatazama vipi watu? Nakuja kuitikia hodi ya mtu kajaza tumbo nyama ya wenzangu?"

Aligomba. Alinigomba mimi, akamgomba mama, akamgomba marehemu bibi yetu aliyetulea ovyo. Nilisimama pale juani na sikutaka aishe. Miaka yote ya Kuweti watu wamenisemesha kwa Kiarabu, kwa heshima, kama wanavyomsemesha mwalimu. Kumtoa mama, hakuna aliyenigomba kwa Kiswahili kama mtoto wa nyumbani. Na yeye nilimsikia anatafuta maneno, analipata moja alilokuwa amelisahau, analirudia mara mbili kwa kulipenda.

"Nyama haijaiva, mamkubwa," nikasema alipovuta pumzi.

"Haijaiva?"

"Ndiyo kwanza iko motoni."

"Umeonja nini?"

"Tende na kahawa."

"Aa," akasema. "Kahawa si kitu."

Na mlango ukafunguka. Ni mama yangu yule yule, mfupi kidogo, na jua limemla uso. Alinishika mashavu, akaninusa kichwani, na hapo ndipo tulipolia, mimi na yeye, katikati ya mlango, watu wanapita.

Alipomaliza kulia akajifuta, akatia tende zake kwenye sinia, akaivaa shela yake akatangulia. Kwa Bibi Shamsa aliingia akaliweka sinia katikati, akasema kwa Kiarabu, "Kwa kula ni mgeni wenu, kwa kulala ni wangu. Nami nimekuja kula." Bibi Shamsa alimshukuru Mungu kwa sauti. Baadaye niliambiwa tangu afiwe na mumewe Bi Moza hajala nyumba ya mtu. Siku ile alikula mpaka mafupa. Abdalla na Thuweba wakalala kwa Bwana Khalfan, juu ya paa, na Thuweba akapata mandhari yake.

Mimi nililala kwenye busati kwa dada wa mama yangu. Aliniuliza watu mmoja mmoja, kuanzia mtaani kwetu Malindi, nyumba kwa nyumba. Huyu yuko? Yuko Dubai. Yule? Mamkubwa, yule hayupo. Na fulani, aliyekuwa akiuza maandazi? Sijui. Nilikuwa nimejibu sijui mara nyingi sana kabla hajasema, "Basi. Nyingine niwachie nisijue."

Alfajiri baada ya sala alinipikia chai, akakaa mbele yangu, mikono mapajani.

"Mmekuja kunichukua?"

"Mama anakutaka Kuweti, mamkubwa. Uje ukae naye."

"Kuweti kuna nini?"

Nikafikiri. "Kuna mama."

"Sikuuliza nani. Nnauliza kuna nini." Akanijazia kikombe. "Nipelekeni kwetu, nnaondoka sasa hivi, sivai hata viatu. Unguja. Unaweza?"

"Hakwendeki, mamkubwa."

"Nnajua hakwendeki. Nlitaka kukusikia tu ukisema." Akanywa chai yake. "Mie nlikuja hapa mtoto, silijui neno lao hata moja, nikawa mgeni miaka na miaka mpaka nikaacha kuwa mgeni. Nna kaburi la mume wangu hapa, nna mitende yangu. Siwezi kuanza ugeni mara ya pili. Mwambie Asha aje yeye. Anigombe na mie nimgombe."

Kurudi

Chemchem ya Nakhal tuliiona. Maji yake ni ya moto na kuna samaki wadogo wanaodonoa miguu, na Thuweba aliyapigia kelele hayo mpaka wanawake waliokuwa wanafua wakamwachia nafasi. Abdalla alisema ni pazuri, na ni pazuri. Mimi nilikuwa nageuka nyuma kila mara. Bi Moza hakutusindikiza. Alisema amechoka kusindikiza watu.

Maskati tulilala tena kwenye lile dirisha, kisha ndege, kisha Bahreni na mayai yake. Nilipoingia ndani hapa Kuweti, mama hakuniuliza habari ya milima wala ngome. Nikamweleza yote niliyokuelezeni, na maneno ya dada yake nikayasema kama yalivyosemwa, na ugomvi wake wote. Alicheka, akalia, akasema Moza tangu zamani ana mdomo. Kisha akaniuliza kama huko Nakhal, jioni wakati huu, mtu anahitaji sweta.

Kwa hivyo masufuria yetu mawili makubwa hatuendi nayo huko Nakhal. Anayeyataka aje ayachukue kabla ya mwisho wa mwezi, na asije mikono mitupu; aje akae na mama kidogo, amsemeshe.